Mtoto Hakatai Herufi

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi ya kambi mbele ya wazazi, walimu, wanakomite na wageni wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, tarehe 8 Septemba. Komite imeona vema kuichapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

 

 Siku tunayoiadhimisha leo ilipitishwa na UNESCO mwaka 1966, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1967. Kila mwaka siku hii tumezoea kuzungumza juu ya watu waliokosa shule. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya watoto waliomo ndani ya shule. Wana kaye na biki. Wanakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Lakini ukiwaambia wasome wanaangalia chini, na ukiwaambia waandike wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwaka mmoja wanakuja, mwaka wa pili wanakuja siku tatu kwa wiki, mwaka wa tatu hatuwaoni tena. Wavulana tunawakuta wakilima mashamba ya watu kwa kibarua. Wasichana tunasikia wameolewa.

Watoto hawa hawatoki shuleni siku ile wanayoacha kuja. Walitoka zamani, siku ile walipoamua kwamba kitabu si kitu chao. Ndiyo sababu nimeona tulizungumze jambo hili mapema, wakati bado wamo darasani.

KARATASI NA MAISHA YETU

Kwetu Kivu mtu aliweza kuzeeka bila kujua kusoma na bado akaheshimiwa. Shamba lake lilijulikana kwa mti uliopandwa mpakani. Ukoo wake ulijulikana kwa wazee. Akitaka shahidi, jirani alisimama akasema, huyu ni mtoto wa fulani, namjua. Tulipovuka mto Ruzizi tuliuacha ule mti, na yule jirani naye tulimwacha, au alikimbilia kwingine.

Hapa tunajulikana kwa karatasi. Jina lako liliandikwa namna gani siku ya kuandikishwa? Watu wa nyumba yako ni watano au ni sita? Herufi moja ikikosewa kwenye jina la mtoto, kadi yake haifanani na ya mama yake, na mama anaanza safari ya kutoka meza moja kwenda meza nyingine. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba chini ya maneno ya mtu mwingine. Anampa jirani karatasi ya zahanati amsomee, na kabla ya jioni ugonjwa wake unajulikana mpaka kwenye bomba la maji.

Tena tunaambiwa kwamba kwa mkimbizi kuna njia tatu: kurudi nyumbani kwa hiari, kubaki na kuishi pamoja na wananchi wa nchi iliyotupokea, au kupelekwa nchi ya tatu. Mimi sijui nani kati yetu atapita njia ipi. Lakini najua kwamba zote tatu zinaanza na fomu, na mwenye fomu ataulizwa kama ameelewa alichotia sahihi. Mtoto tunayemwacha leo atoroke kitabu, tunamwacha akabidhi maisha yake kwa msomaji wa watu.

KWA NINI WANAKATAA?

Tumezoea kusema, "Huyu ni mvivu." Neno hilo ni jepesi mdomoni na halimsaidii mwalimu kitu. Yule tunayemwita mvivu, mfuate mchana. Utamkuta anasukuma baisikeli yenye madumu ya maji kupanda kilima, jasho linamtoka. Uvivu gani huo? Tukitafuta vizuri tutakuta sababu tano.

Ya kwanza ni mwili. Kuna mtoto asiyeona ubaoni, na hajui kwamba haoni, kwa sababu hajawahi kuona vingine. Mpe kazi ileile mara mbili: anakili kutoka ubaoni, kisha anakili kutoka kwenye karatasi iliyo mbele yake. Akiweza ya karibu na akashindwa ya mbali, tatizo si kichwa, ni macho. Mlete benchi la mbele na mwandikie mzazi ampeleke zahanati. Kuna mwingine asiyesikia vizuri. Na kuna njaa. Siku za mwisho wa mwezi, posho inapokuwa imekwisha, mwalimu yeyote anaweza kuhesabu vichwa vilivyolala juu ya dawati.

Ya pili ni aibu. Vita vilimkatia kijana masomo miaka mitatu au minne. Amefika hapa ana miaka 14, akapangwa darasa la tatu. Akisimama kusoma "ba, be, bi, bo, bu" mbele ya watoto wa miaka minane, wanacheka. Basi anachagua kupiga kelele ili afukuzwe nje. Tusishangae. Mtukutu ana heshima yake mbele ya wenzake, lakini mjinga hana. Kijana huyu ameona ni afadhali aitwe mtukutu.

Ya tatu ni lugha. Nyumbani mtoto anasema Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge au Kishi. Sokoni anasema Kiswahili na Kirundi. Darasani anakuta Kifaransa. Utamsikia anasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na ukimwuliza habari inahusu nini anatabasamu tu. Huyo hajasoma, ameimba.

Ya nne ni woga wa kosa. Kaye imerudi imejaa wino mwekundu, kila mstari umekatwa. Pengine fimbo ilifuata. Mtoto mwenye akili anajifunza haraka kwamba asiyeandika hakosei. Anaandika mistari miwili iliyo salama, anafunga kaye.

Ya tano, nayo naiona kubwa kuliko zote, ni kwamba haoni maandishi yanamfanyia kazi gani. Tunamwambia aandike insha juu ya likizo. Anaandika. Mwalimu ambaye alikuwa anajua habari zote hizo anasoma, anaweka nne juu ya kumi, na ukurasa unakufa hapo hapo. Hakuna aliyeungojea. Hakuna aliyejibu.

Sasa tazameni jambo moja. Watoto hawa hawa wanaokataa insha ya mistari kumi, jioni wanaazima simu ya kaka na kumwandikia rafiki aliyeko Nyarugusu au Nakivale. Hakuna anayewashika mkono. Wanaandika, wanafuta, wanauliza, "Neno hili linaandikwaje?" Wanangoja jibu mpaka usingizi unawachukua. Basi mtoto hakatai herufi. Anakataa maandishi yasiyokwenda popote. Tukitaka kumrudisha, tumpe kalamu pamoja na kazi ya kweli ya kuifanyia.

WENGINE WALIFANYAJE?

Jambo hili si jipya, na hatuko wa kwanza kulihangaikia. Nitataja watu wa sehemu tatu.

Wa kwanza ni Paulo Freire wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1921. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, yeye na wenzake walifundisha watu wazima wapatao 300 kwa muda wa siku 40 na kitu. Hawakuanza na alfabeti. Walianza kwa kusikiliza maneno ambayo watu hao waliyatumia katika kazi na shida zao. Katika madarasa ya Freire neno moja lilikuwa "tofali". Watu walizungumza kwanza juu ya tofali, nani analifyatua na nani anakaa ndani ya nyumba, kisha wakaligawa neno katika silabi na kutengeneza maneno mengine. Mwaka 1964 jeshi lilichukua serikali, Freire akafungwa, halafu akaikimbia nchi yake na kuishi ugenini mpaka mwaka 1980. Alikuwa mkimbizi kama sisi.

Sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa neno "hema". Silabi ni he na ma. Tukizipanga pamoja na jamaa zake, tunapata ha, he, hi, ho, hu, na ma, me, mi, mo, mu. Waachieni wanafunzi watafute wenyewe. Kabla ya kengele watakuwa wamepata hama, homa, hamu, hima, mama na mimi. Kila neno lina habari yake, na kila mtoto wa kambi hii ana la kusema juu yake.

Wa pili ni jirani zetu wa Tanzania. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 kwa mia hawakujua kusoma na kuandika. Hadi mwaka 1986, kwa takwimu za serikali, walibaki chini ya 10 kwa mia. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na nguvu ya serikali na chama. Lakini mojawapo ilikuwa vitabu vyenyewe. Katika mradi wa kandokando ya Ziwa Victoria ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha samaki, mkulima wa migomba kwa kitabu cha migomba. Mtu aliposoma ukurasa jioni, asubuhi alikuwa na la kufanya shambani.

Wa tatu tulimsoma chuo cha ualimu: Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya kijiji kule kusini mwa Ufaransa. Alijeruhiwa mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917. Aliporudi kufundisha, mwaka 1920, hakuweza kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Basi aliwatoa watoto nje wakatembea, wakaona kazi za mafundi na mashamba, wakarudi kuyaandika waliyoyaona. Mwaka 1924 akaleta darasani mashine ndogo ya kuchapa, na watoto wakachapa maandishi yao wenyewe. Halafu wakaanza kuandikiana na watoto wa shule ya mwalimu René Daniel katika jimbo la Bretagne, upande mwingine kabisa wa nchi. Mtoto aliyejua kwamba barua yake inangojewa na mwenzake hakuhitaji kusukumwa. Miaka ya vita vya Hispania, Freinet huyo huyo aliwapokea watoto wakimbizi wa Hispania katika shule yake.

Watu hawa hawakuwa na siri. Wote watatu walifanya maandishi yawe na mwenyewe, na yawe na mtu anayeyangojea.

TUNAYOWEZA KUFANYA DARASANI

Najua mtasema: Mwalimu, Freinet alikuwa na mashine, sisi hata chaki zinakwisha. Ni kweli. Kwa hiyo nitataja yale yanayowezekana kwa ubao, chaki, karatasi kidogo na muda.

1. Mtoto aseme, mwalimu aandike. Kwa anayeanza au anayeogopa, mwambie asimulie jambo moja kwa maneno matatu au manne. "Kuku wetu ametaga jana." Liandike ubaoni kama alivyolisema. Sasa alisome. Hawezi kushindwa, kwa sababu maneno ni yake. Wenzake walisome. Kesho liandikwe kwenye kipande cha katoni na litundikwe ukutani. Baada ya wiki chache darasa lina kitabu chake cha kusoma, na kila ukurasa una mwenyewe.

2. Mwalimu asome kwa sauti kila siku, dakika kumi tu. Asome hadithi nzuri, akate mahali panapokera: sungura ameingia shimoni, fisi yuko mlangoni, kengele imelia. Msiwaulize maswali ya mtihani juu ya hadithi hiyo. Wataanza wenyewe kukiomba kitabu ili wajue mbele yake. Siku mtoto anapokiomba kitabu, mwalimu ameshinda.

3. Yule mkubwa mwenye aibu, mpe kazi ya kuwasomea wadogo. Kijana wa miaka 14 hawezi kukaa peke yake na kitabu cha watoto wa darasa la kwanza, atachekwa. Lakini akiambiwa kwamba Ijumaa atawasomea watoto wa darasa la kwanza, kitabu kilekile kinakuwa cha heshima. Atakisoma Jumatatu, atakisoma Jumanne, atakuja kuuliza neno gumu bila kuona haya, kwa sababu anajitayarisha kufundisha. Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi, na wengine wanalitumia neno hilo kuwakatia tamaa vijana hawa. Lakini kijana si samaki. Mkunje kwa kumpa jukumu, atakunjika.

4. Tuandike barua za kweli. Darasa la tano la shule hii liandikiane na darasa la tano la shule ya wenyeji hapo juu kilimani. Tuwafundishe pia kuandika ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ninyi wazazi mnaijua karatasi ile. Haina bahasha, inaweza kusomwa njiani, na inabeba habari za familia tu. Baada ya mwaka 1994 na vita vilivyofuata katika eneo letu la Maziwa Makuu, karatasi kama hizo zilipita kutoka kambi moja hadi nyingine zikiwatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao. Mwanafunzi ajue kuandika kwa ufupi: mimi ni nani, mtoto wa nani, niko wapi, niko na nani, hali yetu ikoje. Ajue kuandika jina lake na la mama yake kwa herufi zilezile kila mara. Somo hilo la tahajia hakuna mtoto wa kambi atakayeuliza lina faida gani.

5. Tutenganishe kuandika na kusahihisha. Kila mtoto awe na kurasa chache nyuma ya kaye ambazo mwalimu hazitii alama. Aandike sentensi moja kwa siku, ya lolote apendalo. Mwalimu akisoma, ajibu kwa sentensi moja, kama mtu anayemjibu mwenzake. Makosa tusiyaache, ila tuyachague. Wiki hii tunashughulikia herufi kubwa mwanzo wa sentensi. Wiki ijayo tofauti ya r na l. Kosa moja likisahihishwa na watoto wote kwa wiki nzima linaondoka. Makosa ishirini yakikatwa siku moja, yote yanabaki, anayeondoka ni mtoto.

JUU YA KUMBUKUMBU ZA VITA

Hapa naomba tuwe waangalifu, nasema na walimu na pia na wageni wetu. Mara nyingine mtu anakuja kwa nia njema, anawaambia watoto waandike au wachore yaliyowapata walipokimbia. Wengine wanaandika, wengine kalamu inawaganda mkononi, na tunasema wamekataa kuandika.

Tusimlazimishe mtoto kufungua mlango huo kwa sababu ni siku ya insha. Mtoto anayetaka kuandika juu ya bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba yao, aandike juu ya lengalenga. Kama anataka kueleza namna mikeke inavyochomwa kule Baraka, aeleze. Hiyo si kukwepa. Anajipimia mwenyewe mzigo anaoweza kubeba. Siku akiamua kuandika juu ya njia aliyopita, mwalimu asome kwa unyamavu, asiweke alama, asisome mbele ya darasa bila ruhusa yake, na asimpe mtu wa nje ukurasa huo bila mtoto na mzazi kukubali. Akiona mtoto ameelemewa, amwone mhudumu anayehusika na watoto.

WANAOOGOPA JUU YA KIFARANSA

Nimewasikia wazazi wakisema, "Kiswahili mtoto anakijua tayari, mumfundishe Kifaransa, kwani mtihani wa mwisho wa darasa la sita ni wa Kifaransa." Wazazi wana haki ya kuogopa. Wanafikiri juu ya diploma na kesho ya watoto wao. Lakini kusoma ni kazi ambayo mtu anajifunza mara moja. Anayejua kwamba herufi zinabeba sauti na sauti zinabeba maana, ujuzi huo anahama nao mpaka lugha nyingine. Ambaye hakuupata katika lugha anayoielewa, atautafuta vipi katika lugha asiyoielewa?

Hata sheria ya elimu ya nchi yetu ya Kongo, ile ya tarehe 11 Februari 2014, inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Kwa hiyo tukimfundisha mtoto kusoma kwa Kiswahili hatumwibii Kifaransa. Tunampa mguu wa kusimamia ili aukunjue mkono akifikie Kifaransa.

MAOMBI YANGU

Kwa Komite: matangazo ya kambi yabandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, siku moja kabla ya kutangazwa kwa kipaza sauti. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita wapangwe zamu ya kusimama kwenye ubao wa matangazo wakati wa jioni na kuwasomea wazee. Mtoto akimsomea mzee siku ya posho na mzee akamshukuru, hakuna hotuba ya mwalimu itakayomfundisha zaidi ya hapo.

Kwa mashirika: tunashukuru kwa kaye na biki mnazotupa kila mwaka. Tunaomba mambo mengine manne. Karatasi za ofisi zilizotumika upande mmoja mtuletee badala ya kuzichoma, ila zile zenye majina na habari za watu zibaki kwenu. Mkinunua vitabu, mtafute vya Kiswahili chepesi vinavyofaa vijana wakubwa, siyo vya watoto wadogo tu. Kila mtaa wa kambi upate mahali pamoja penye taa ya jua ambapo mwanafunzi anaweza kusoma saa moja baada ya giza, pakiwa na mtu mzima wa kuwaangalia, ili wasichana nao waje bila hofu. Na ugawaji wa chakula, pale inapowezekana, usiangukie siku za mitihani.

Kwa wazazi: msiojua kusoma msiseme hamna la kufanya. Mwambie mtoto, "Nisomee." Kaa, msikilize, muulize, "Halafu ikawaje?" Huhitaji kujua herufi hata moja ili uwe msikilizaji mzuri, nasi tumelelewa na mababu waliojua kusikiliza. Dakika hizo kumi na tano usimtume maji. Na binti apewe dakika hizo kama kaka yake, siyo baada ya kuosha vyombo wakati amekwisha kusinzia.

Kwa walimu wenzangu: posho yetu ni ndogo, darasa ni kubwa, na jua linawaka juu ya bati na shitingi. Siombi muongeze kazi juu ya kazi. Naomba dakika kumi za kusoma kwa sauti na sentensi moja ya kila mtoto. Na fimbo isiingie katika somo la kuandika. Mkono unaotetemeka hauandiki vizuri.

Kwa ninyi wanafunzi, na hasa mnaokaa nyuma karibu na mlango: hakuna kati yenu aliyechelewa. Aliyewakatia masomo ni vita, na vita havina haki ya kuwakatia mara ya pili. Kesho njooni na neno moja tu, neno lolote la nyumbani kwenu. Tutaanzia hapo.

Mabibi na mabwana, wengi wetu tulifika hapa na nguo tulizovaa. Mali tuliyoweza kuvuka nayo Ruzizi bila kunyang'anywa ilikuwa ile iliyokaa kichwani. Kusoma na kuandika ni mali ya namna hiyo. Popote watoto wetu watakapopelekwa na miaka, wakirudi Fizi na Uvira, wakibaki hapa, au wakienda mbali, wataibeba bila mzigo begani. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu peke yake hataweza, mzazi peke yake hataweza, na shirika peke yake halitaweza.